Rimoti ya Mkono wa Mkurugenzi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi. Cheo: Mshauri wa Watumiaji. Miaka kumi na moja nimekata karatasi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, na hakuna aliyewahi kuniomba ushauri hata wa kufungua dirisha. Mashine ikachukua mkono wangu wa kulia – mwaka wa pili huu – na ghafla nimekuwa mtaalamu.

Kampuni inatengeneza gemu ya kuchezwa kwa mkono mmoja. Mbio za magari, kwenye runinga, na rimoti yake maalumu. Wafadhili wamesisitiza awepo mtu "mwenye uzoefu". Uzoefu ninao. Umeishia kwenye kifundo.

Mkurugenzi alinipokea mwenyewe mlangoni. Akaninyooshea mkono wa kulia. Ukabaki hewani, tukautazama wote wawili, kila mmoja akingoja mwenzake aupe pa kwenda. Mwishowe akanipiga begani, akasema hapa sote ni familia. Meza yangu iko karibu na mtungi wa maji. Kompyuta bado.

Miezi mitatu ya majaribio, kisha ajira ya kudumu wakiridhika. Dada – msusi, naishi kwake tangu ajali – aliuliza nitafanya nini hasa. Kushauri, nikamwambia. Hakuinua macho kwenye kichwa cha mteja. Akasema basi nianze na yeye, nimshauri vyombo vitaoshwa saa ngapi.

(Haya naandika kwa amri. Mtaalamu wa mazoezi kliniki kasema ukurasa kila siku, mkono wa kushoto uzoee. Mwandiko ni wa kuku, ila sasa kuku anasomeka.)

Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Mwalimu alikuwepo, kwenye kiti chake cha magurudumu, kona ileile. Miaka thelathini amefundisha watu kupiga taipu bila kutazama vidole. Kiharusi kikamnyima upande mzima wa kulia. Bado akikutazama unajikuta umekaa wima.

Tulicheza dama kwenye simu yake tukisubiri zamu. Kidole kimoja kinatosha. Kanifunga mara nne, mara ya nne bila huruma. Aliyebuni dama hakutufikiria hata kidogo, na ndiyo maana inachezeka.

Nikamweleza habari za kazini. Gemu ya magari, runingani, mkono mmoja tu. Kidole chake kikaganda juu ya kioo. Akasema hajawahi kuendesha gari maishani. Marehemu mumewe alikuwa na gari miaka ishirini, na kazi aliyopewa yeye ni kufuta kioo cha mbele.

"Inakwenda kasi?"

"Inakwenda, Mwalimu."

"Basi niwekee yangu."

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya Uelewa. Kila Ijumaa, kumbe. Wafanyakazi wote kumi na mmoja wanafungwa mkono wa kushoto nyuma kwa tai, ili wajiweke kwenye nafasi "yetu". Mkurugenzi alifungwa wa kwanza, akapigwa picha saba.

Mhasibu alishindwa kufungua pakiti ya biskuti na machozi yakamtoka. Alinishika bega – kwa mkono uliobaki – akasema sasa anaelewa. Nikaifungua kwa meno. Akaniangalia kama nimefanya mazingaombwe.

Chai hakuna aliyeweza kumimina. Nikawamiminia mimi. Vikombe kumi na moja, mkono mmoja, safari kumi na moja. Saa kumi jioni wakafunguana tai na kuulizana nani anakwenda wapi wikiendi.

Jumatatu, 10 Machi

Mkutano wa picha ya boksi. Kwenye boksi kuna dereva, meno nje, kashika usukani kwa mikono miwili. Nikanyoosha mkono. Nikasema dereva ana mikono miwili.

Halafu saa nzima ya mjadala. Afisa Mawasiliano anasema mkono mmoja utawashtua wateja. Mwingine akasema labda mkono wa pili ni wa matumaini. Uamuzi: dereva atavalishwa kofia. Kwenye kumbukumbu za kikao imeandikwa: "Mshauri alichangia kuhusu kofia."

Nimeomba kuijaribu gemu yenyewe. Rimoti zimefungiwa stoo, ni siri ya kampuni. Nitaarifiwa.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimesema uongo na hata sijui ulitokea wapi.

Mwalimu aliniuliza mbele ya watu, "Umeijaribu?" Nikajibu, "Nimeijaribu, Mwalimu. Tamu." Ilitoka tu. Ningesemaje – kwamba siku kumi niko ofisini na kifaa pekee nilichokigusa ni birika? Nilikuwa na kitambulisho kipya shingoni, chenye picha. Mtu huwezi kuvaa kitambulisho halafu ukasema hujui kitu.

Akageuza kiti, akawatangazia wote waliokuwa wakisubiri. Huyu kijana kaijaribu, anasema ni tamu. Fundi saa mmoja mwenye mkono wa bandia akataka kujua ina magari mangapi. Nikasema mengi.

Alhamisi, 20 Machi

Wamenipa rimoti.

Ngoja niandike polepole. Nzuri, nyeusi, laini, ina mkanda wa kufungia. Haishikwi kama rimoti, inavaliwa kama glovu. Kitufe cha breki chini ya kidole gumba, vinne vingine kila kimoja na kidole chake. Ukikunja mkono kidogo gari linakata kona. Kila bonde la vidole limechongwa. Mkurugenzi akanieleza kwa fahari – plasta ilimiminwa juu ya mkono wake mwenyewe. Alikaa nayo dakika arobaini bila kujikuna.

Nikaichukua. Nikaigeuza. Nikaigeuza tena.

Ni ya mkono wa kulia.

Nikifunga kwenye kushoto, vitufe vyote vinatazama sakafu na kidole gumba kinaning'inia nje. Nilijaribu juu ya paja, juu ya meza, kifuani. Gari lilisimama pale pale kwenye mstari wa kuanzia, injini inanguruma. Mashabiki ndani ya gemu wanashangilia. Wenzangu wamenizunguka nao wanashangilia, wanadhani ndio naanza.

"Bosi," nikasema, "hii ni ya kulia."

Akasema ndiyo, ya mkono mmoja.

"Mkono wangu mmoja ni wa kushoto."

Akautazama kwa muda mrefu. Wiki tatu tunaonana kila siku, na naapa leo ndiyo mara ya kwanza.

Ijumaa, 21 Machi

Kikao cha dharura. Siku ya Uelewa haikuahirishwa, kwa hiyo kumi na moja wote walihudhuria wakiwa wamefungwa mkono. Wa kushoto. Miezi kumi na minane ya kujaribu gemu, kila Ijumaa, na haikutokea hata siku moja mtu akakosea akafunga wa kulia.

Nayaandika kama yalivyosemwa. Mkurugenzi aliuliza kama tatizo ni la rimoti au ni la kwangu. Mtu wa mauzo aliuliza wasio na mkono wa kulia ni wangapi. Ikasemekana labda nusu. Afisa Mawasiliano akafurahi: basi nusu nyingine wameridhika, na kwa bidhaa mpya hiyo si haba. Mmoja akapendekeza mguu. Mhasibu akauliza, kwa upole kabisa, kama siku ile kiwandani sikuwa na namna ya kuingiza mkono ule mwingine.

Nikainuka kwenda kujaza birika. Niliogopa nitakachojibu.

Kutengeneza upya haiwezekani. Rimoti elfu tano ziko stoo, zimeshapakiwa, dereva na kofia yake juu ya kila boksi. Uzinduzi ni Jumamosi ijayo. Azimio: "Mkono wa kushoto – awamu ya pili." Awamu ya pili haina tarehe.

Jumatatu, 24 Machi

Mkurugenzi aliniita ofisini. Akafunga mlango, akaniagizia soda. Juu ya meza jalada moja, ndani karatasi mbili. Ya kwanza: mimi, Mshauri, nathibitisha kwamba gemu hii inafaa kwa watu wenye mkono mmoja. Ya pili: ajira ya kudumu, kuanzia mwezi ujao, miezi miwili kabla ya wakati.

Hakusema moja inategemea nyingine. Alizibana tu kwa kibanio kimoja.

Nilimwambia si kweli kwamba inafaa. Akasema kaka yangu, soma vizuri – watu wenye mkono mmoja. Hawakuandika wote. Wapo wa kulia, na wao ni watu. Akasema nisiwanyime wenzangu kwa sababu ya wivu.

Nilifikiria kochi la dada, linalonipa maumivu ya mgongo. Nilifikiria zile barua thelathini na kitu za kuomba kazi, na yule meneja aliyeniuliza nitashikaje simu na kuandika kwa wakati mmoja. Miaka miwili sijawahi kuulizwa nafanya kazi wapi nikawa na la kujibu.

Nikatia sahihi. Ilitoka safi, bila kutetemeka, nzuri kuliko zote nilizowahi kutia kwa mkono huu. Mazoezi yamesaidia.

Jumanne, 25 Machi

Fundi wa programu – tunamwita Kimya, maana maneno yake kwa siku hayafiki kumi – leo alinifuata kwenye mtungi wa maji. Akasema yeye hutumia mkono wa kushoto tangu utotoni. Alishaandika kuhusu rimoti mwaka jana, barua pepe tatu. Zote zilijibiwa: tumepokea, tutalizingatia.

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwenye kikao. Akasema kwenye kikao alikuwa amefungwa huo mkono.

Halafu akanieleza mpango wa Jumamosi, maana hakuna mwingine aliyeona haja ya kunieleza. Mimi nitakaa jukwaani, meza yenye kitambaa kirefu, rimoti bubu mbele yangu. Yeye atakuwa nyuma ya pazia na rimoti ya kweli, anacheza. Runinga kubwa itaonyesha gari langu likishinda. Mimi nitikise bega kidogo kwenye kona.

Alisema hivyo hivyo: nitikise bega kwenye kona. Kisha akanywa maji yake akaondoka.

Jumatano, 26 Machi

Nilikwenda kliniki nimeshajipanga. Njia nzima nilikuwa nakariri: Mwalimu, nilikudanganya, sikuwa nimeigusa, na sasa nimeigusa na haitufai, mimi wala wewe.

Nikamkuta amevaa miwani ya jua. Mkwewe kamnunulia. Miwani ya kuendeshea, anasema. Mkono wa kushoto uko juu ya paja, vidole vinapanda na kushuka kimoja kimoja – shahada, kati, pete, kidogo – vilevile alivyokuwa akifundisha taipu. Anafanya hivyo asubuhi na jioni, wiki ya tatu hii. Mtaalamu wa mazoezi alinivuta pembeni akanishukuru. Mwaka mzima alikuwa akimbembeleza huyu mama afanye mazoezi, akawa anajibiwa "kwa faida ya nani". Leo amemkuta anafanya kabla hajaambiwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Jumamosi tunakuja kumi na wawili. Gari la kliniki limeruhusiwa."

Nikasema karibuni sana. Ndicho nilichosema. Karibuni sana. Nilirudi nyumbani nimejichukia.

Dada aliniuliza nina nini. Nikamsimulia yote, hata sahihi. Kisha akasema mteja wake mmoja anapenda nywele zibanwe sana, na yeye huzibana anavyotaka, anamsifia kapendeza, huku akijua fika kesho yake mteja hatageuza shingo kwa maumivu. Nikauliza maana yake nini. Akasema maana yake hata yeye si malaika, lakini yule anazo nywele nyingine, Mwalimu hana mkono mwingine. Kaoshe vyombo.

Ijumaa, 28 Machi

Mazoezi ya mwisho ukumbini. Kimya nyuma ya pazia, mimi mezani. Tulishinda mbio mara tatu. Mkurugenzi alisimama katikati ya viti vitupu akipiga makofi. Alisema bega langu linaweza kuonyesha hisia zaidi.

Kisha akaleta wazo jipya. Limemjia akiwa anaoga. Baada yangu aitwe mtu kutoka kwa wageni, ajaribu hapohapo, wote waone. Amepitia orodha ya watu wa kliniki, yenye picha. Kamchagua yule mama mwenye kiti cha magurudumu. Kiti kinaonekana vizuri kwenye kamera.

Nikamwambia, "Upande wa kulia hautembei. Ni mkono wa kushoto tu."

"Hakuna shida. Kimya atamchezea."

"Atajua."

"Atajuaje? Mimi nimesimama hapa kwenye viti, sikuona kitu."

Nikamuuliza akishuka jukwaani itakuwaje. Akasema atapewa boksi lake, zawadi, na maua. Anasema kwa furaha kabisa. Hana nia mbaya hata chembe, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi. Ningepata mtu mbaya ningejua pa kuanzia.

Nimekaa nawaza Jumapili. Mwalimu sebuleni kwake, miwani usoni. Mkwewe kachomeka nyaya. Jana yake aliendesha – aliona kwa macho yake, gari lilikata kona kwa mkono wake, watu mia mbili walisimama. Anafunga mkanda. Gari haliondoki. Hatasema rimoti ni mbovu, si mtu wa namna hiyo. Atasema mkono wake umekufa na huo pia.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika nyuma ya ratiba ya uzinduzi, nitaibandika daftarini baadaye. Niko nyuma ya pazia. Nimebakiwa na dakika chache. Ukumbi umejaa. Mwalimu yuko mstari wa mbele, miwani kavaa, vidole havijatulia. Fundi saa kanipungia mkono wa bandia.

Mkurugenzi anahutubia. Yeye kapewa kipaza sauti cha kubana kwenye kola, mikono iwe huru, na anaitumia yote miwili kweli kweli. Kaeleza habari za plasta na zile dakika arobaini. Watu wamempigia makofi. Wafadhili wanaandika.

Sasa hivi ndiyo nimeisoma ratiba vizuri. Kifungu cha sita: "Mshauri atacheza gemu huku akiwaeleza wageni, kwa kipaza sauti, raha anayoipata." Nikamuuliza Afisa Mawasiliano kipaza sauti changu ni kipi. Akanionyesha. Kile cha kushika mkononi – cha kola ni kimoja tu, na jana kwenye mazoezi vilikuwa havijaletwa. Nikamwambia nitashika kipaza sauti, na rimoti nitaishika kwa mkono gani?

Akaenda kumtafuta mtu wa kumuuliza.

Kamati ya watu kumi na mmoja. Mikono ishirini na miwili. Vikao sijui vingapi. Nimeanza kucheka na siwezi kuacha, machozi yananitoka, mhasibu ananipapasa mgongo, anadhani ni furaha.

Kimya kakaa kwenye kigoda chake na rimoti ya kweli, kaivaa kulia, mkono ambao si wake. Ameniuliza, taratibu, nitachukua kipi, rimoti au kipaza sauti. Nimemwambia sijui. Akasema na yeye angependa kujua mapema. Kisha akaanza kulegeza mkanda – labda unambana tu.

Wanasema jina la cheo changu. Makofi. Mwalimu ameinua kichwa anatafuta nitatokea upande gani. Ngazi tatu tu mpaka mezani. Naona kila kitu kutoka hapa. Rimoti wameiweka kulia, ndipo kamera ilipo. Lazima kwanza niweke chini hii kalamu, siwezi kushika vitu viwili.

Kipaza sauti wamekiweka kushoto.